Kivuli cha mwembe si kivuli cha nyasi: kisa cha miche ya nyanya Ipuli, Tabora

Mwanzoni mwa Oktoba, mama mmoja wa Ipuli hapa Tabora mjini alirudishiwa trei tatu za miche ya nyanya na mteja aliyekwisha kumlipa nusu ya bei. Mteja hakugomba. Alishika mche mmoja kwa vidole viwili, akauinua, ukajikunja kama uzi uliolowa. "Mama," akasema, "hii nikiifikisha Uyui, upepo wa siku moja tu utailaza yote." Akazunguka upande wa pili wa nyumba, akachagua trei tatu nyingine zilizosiwa siku ileile kwa mbegu za pakiti ileile, akazifunga kwenye pikipiki, akaondoka.

Trei zilizokataliwa zilikuwa chini ya mwembe. Zilizochukuliwa zilikuwa chini ya kichanja cha nyasi. Tofauti ni hiyo tu, na ndiyo iliyotushughulisha karibu mwezi mzima: mama mwenyewe, mwanawe wa kidato cha tatu, na mimi, jirani yao na mwalimu wa biolojia. Nakieleza kisa chote kwa sababu naamini vipo vitalu vingi Tabora, Urambo na Sikonge vinavyopoteza miche kwa njia hiihii, na lawama zote zinaangukia mbegu.

Miche tuliyoikuta

Nilifika kesho yake asubuhi. "Mwangaluka, mwalimu," mama akanisalimu, na kabla sijaketi akaniwekea trei mbili miguuni, moja ya kila upande.

Mche wa kichanjani ulikuwa mfupi, shina lake nene kuliko kijiti cha kiberiti, lenye vinyweleo, na karibu na udongo lilikuwa na ile rangi ya zambarau iliyofifia ambayo mkulima wa nyanya akiiona anaridhika. Wa mwembeni ulikuwa karibu mara mbili kwa urefu. Kati ya majani mawili ya mbegu, yale yanayotangulia kuchomoza, na jani halisi la kwanza, ungeweza kupitisha vidole vitatu. Kwa mche wa kichanjani hata kidole kimoja hakikutosha. Rangi ilikuwa kijani inayoelekea manjano. Vikonyo vya majani vilikuwa vimeinuka juu, mithili ya mtoto anayenyoosha mikono abebwe.

Kisha tukahesabu majani. Kila mche, wa huku na wa kule, ulikuwa na majani manne halisi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba miche ya mwembeni haikuwa imekua zaidi ya mingine. Ilikuwa imerefuka tu. Nilipong'oa mmoja wa kila upande, wa kichanjani ulitoka na donge lake zima la udongo likiwa limeshikwa na mizizi. Wa mwembeni udongo ulimwagika wote, ukabaki na mizizi michache mieupe inayoning'inia. Chakula kilichopaswa kujenga mizizi kilikuwa kimepelekwa kwenye shina.

Jambo jingine lilionwa na kijana. Trei iliyokuwa karibu na shina la mwembe miche yake yote ilikuwa imeinamia nje, kuelekea uwazi wa barabara. Hilo lina maelezo yake na halikunishangaza: mmea huinamia upande unakotoka mwanga wa bluu. Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha mwaka 1880 kwamba ncha ya chipukizi ndiyo inayouhisi mwanga huo, na sehemu iliyo chini yake ndiyo inayopinda. Urefu ule ndio uliohitaji kutafutiwa sababu.

Kwa nini mwembe

Anayeishi Tabora hahitaji kuelezwa kwa nini mtu aweke miche chini ya mwembe. Tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Oktoba jua la saa sita linasimama karibu kabisa na utosi. Mvua ni za Novemba. Anayetaka miche iwe tayari mvua zikianza lazima asie mbegu Septemba na Oktoba, katikati ya jua kali na upepo mkavu. Na mji huu una miembe, urithi wa enzi za misafara ya kwenda Ujiji. Chini yake tunaweka mitungi, baiskeli, wagonjwa, vikao vya ukoo, kila kisichotakiwa kuungua. Mama alikuwa na kichanja kinachotosha nusu ya trei zake. Nusu nyingine akaipeleka mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angeipeleka.

Kilichoshukiwa kwanza

Mbegu feki. Ndilo neno la kwanza mdomoni mwa kila mtu siku hizi, na mara nyingi kwa haki. Lakini pakiti ilikuwa moja, na nusu yake ilitoa miche mizuri. Udongo nao ulikuwa wa lundo moja, udongo wa msituni, samadi iliyooza na mchanga, uliochanganywa kwa koleo siku moja. Maji yalitoka kwenye keni moja, asubuhi na jioni.

Mzee wa nyumba ya pili alisema chini ya mwembe hakioti kitu, kwamba mti wenyewe unatoa sumu. Sikulidharau neno lake. Ni mtu aliyelima tumbaku Urambo zaidi ya miaka 30, na kweli chini ya mwembe mkubwa hukuti majani mengi. Ila trei hizi zilikuwa juu ya mbao, hazigusi ardhi, udongo wake ulitoka kwingine, na hapakuwa na mvua ya kuosha majani na kudondosha chochote.

Kinachoniuma zaidi ni busta. Mama alipoona miche inafifia alikwenda duka la pembejeo, akaambiwa miche ina njaa ya naitrojeni, akauziwa chupa ya mbolea ya majani. Akainyunyiza mara mbili, kwa trei za mwembeni peke yake. Miche ikazidi kurefuka. Fikiria gharama: chupa ile ilimla faida ya trei mbili, na kazi yake ikawa kumsukuma mtu ambaye tayari anakimbilia njia mbaya. Muuzaji hakumuuliza swali moja tu lililohitajika, trei ziko wapi.

Na mimi nikatoa jibu langu, kwa ujasiri wa mtu aliyefundisha usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, miaka mingi: "Mama, mwanga haufiki. Mche ukikosa mwanga hurefuka kuutafuta."

Akanitazama. "Mwalimu, hata kichanjani mwanga ni kidogo. Niliweka nyasi nyingi, niliogopa jua. Mbona ile imesimama?"

Kijana alikuwa na programu ya kupima mwanga kwenye simu. Tulipima saa tatu, saa sita na saa tisa. Juani saa sita ilisoma karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Kichanjani 11,000. Chini ya mwembe, pale zilipokaa trei, 12,000 na zaidi kidogo. Mwembeni palikuwa na mwanga mwingi kuliko kichanjani. Jibu langu, kama lilivyokuwa, likafia hapo.

Unga na pumba

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, na mmea haulili fungu lote kwa usawa. Mjerumani Theodor Engelmann alilionyesha hilo mwaka 1882 kwa njia ninayoipenda kuliko majaribio yote ya somo hili. Aliutandaza upinde wa rangi juu ya uzi mmoja wa mwani chini ya hadubini, akaweka bakteria wanaopenda oksijeni, akangoja. Bakteria wakajazana penye nyekundu na penye bluu, kwa maana hapo ndipo mwani ulipokuwa ukitoa oksijeni kwa wingi. Klorofili, ile rangi iliyomo ndani ya jani inayokamata mwanga, inakamata zaidi rangi hizo mbili. Kijani inarudi kwenye macho yetu, ndiyo maana jani ni la kijani.

Hapa nirekebishe jambo ambalo mimi mwenyewe nimelifundisha vibaya: kwamba kijani haina kazi. Sehemu kubwa ya kijani inayopiga jani huingia na kutumika, tena hufika ndani zaidi ya jani kuliko nyekundu. Mwaka 1972 Keith McCree alipima aina 22 za mimea ya mazao, na kijani ikaonekana inafanya kazi vizuri tu, ikizidiwa na nyekundu.

Sasa panda juu ya nyekundu hadi karibu nanomita 700 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake), pale jicho letu linapoanza kushindwa. Baada ya hapo ipo rangi ambayo wataalamu huiita nyekundu ya mbali, kati ya nanomita 700 na 800. Klorofili haina haja nayo. Jani linaiachia ipite, au linairudisha hewani. Kwa hiyo jani ni chekeche. Mwembe wenye majani tabaka kwa tabaka unashika unga, yaani nyekundu na bluu, na kuangusha pumba. Miche iliyo chini inapokea pumba.

(Kwa haki ya pumba: Robert Emerson alionyesha mwaka 1957 kwamba nyekundu ya upande huo, ambayo peke yake haifanyi kazi ya maana, ikichanganywa na nyekundu ya kawaida huongeza usanisinuru. Nayo huliwa, ikichanganywa na unga.)

Juani penye uwazi, kwa kila chembe 10 za nyekundu ya mbali kuna 12 hivi za nyekundu. Chini ya majani mazito hizo 12 zinaweza kubaki 2, hata 1. Na mmea una chombo cha kupima uwiano huu huu. Kinaitwa fitokromu, na kinafanya kazi kama swichi: nyekundu, hasa ya nanomita 660 hivi, inakiwasha, nyekundu ya mbali, ya 730 hivi, inakizima. Kikiwa kimewashwa, kinauzuia mmea usirefuke ovyo. Kikizimwa, breki inaachiwa, homoni ya oksini inaongezeka kwenye shina, pingili zinavutika, vikonyo vinainuka, matawi na mizizi vinawekwa kando. Mmea umepata habari kwamba kuna majirani juu yake, na njia pekee ni kuwapita. Kwa mche wa porini huo ni uamuzi wa busara. Kwa mche wa trei chini ya mwembe wa mita kumi na tano, ni kujimaliza.

Mama alitaka kuona, na ana haki. Nilichukua rimoti ya televisheni, nikamwambia aitazame ncha yake huku nikibonyeza. Hakuona kitu. Kisha nikaielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu ya mwanawe. Kwenye kioo cha simu ncha ya rimoti ikawaka na kuzimika, nyeupe yenye zambarau. Alinyamaza kidogo, akachukua rimoti, akabonyeza mwenyewe mara nne au tano. Mwanga wa rimoti uko mbali zaidi ya ule ninaousema, lakini alichohitaji kukishika alikishika: upo mwanga unaomwagika juu ya trei zake ambao jicho halijui habari zake.

Ndiyo sababu simu ilitupotosha. Kihisi cha laksi kimetengenezwa kifuate jicho la binadamu. Kinaipa kijani uzito mkubwa, nyekundu ya mbali hakiihesabu kabisa. Chini ya mwembe, ambako kilichobaki ni kijani na kile kisichoonekana, simu inasema pana mwanga wa kutosha.

Nyasi kavu hazina klorofili. Zinaziba rangi zote karibu sawasawa, na zinazopenya katikati ya mianya ni rangi za jua lilelile, zimepungua tu. Kivuli cha kichanja ni chakula kidogo. Kivuli cha mwembe ni chakula kidogo, tena kilichochekechwa.

Mzee wa tumbaku anaingia tena

Nilipokuwa naeleza swichi hii mzee alikuwa ameketi nasi, na akasema jambo ambalo silioni likisemwa kwenye vitabu vyetu vya shule. Tumbaku, alisema, huifukii. Mbegu zake ni vumbi, gramu moja ina zaidi ya 10,000. Unazitia kwenye keni ya maji, unamwagia juu ya tuta, unatandaza nyasi chache, basi. "Ukiifukia udongo, huioni tena."

Hiyo ni fitokromu ileile. Mbegu ya tumbaku, kama ya saladi, inahitaji mwanga ili iamke, na inahitaji mwanga mwekundu. Swichi yenyewe ilifahamika kupitia mbegu za saladi, huko Beltsville, Maryland, Marekani, mwaka 1952. Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walizimulika mbegu zilizolowa kwa nyekundu, zikaota. Wakazimulika nyekundu kisha nyekundu ya mbali, hazikuota. Wakarudia kubadilisha, nyekundu, ya mbali, nyekundu, ya mbali, mara nyingi, na kila mara mbegu zilifuata mwanga wa mwisho. Wakulima wa Urambo wamekuwa wakiitii kanuni hiyo kwa mikono yao tangu tumbaku ilipofika kwao. Mzee alifurahi kusikia, na mimi nilifurahi kuwa naye pale.

Trei nne

Maelezo mazuri hayatoshi. Yanaweza kuwa mazuri na yasiwe ya kweli kwa trei zile. Tukasia upya, trei nne, siku moja, udongo mmoja, pakiti moja. Ya kwanza ikarudi mwembeni mahali palepale. Ya pili tuliiweka kichanjani, na hapa tulifanya kusudi: tuliongeza nyasi konzi kwa konzi hadi simu ikasoma laksi 8,000, giza kuliko mwembeni. Kama tatizo ni uchache wa mwanga, trei hii ndiyo ingepaswa kurefuka kuliko zote. Ya tatu tuliiweka chini ya kichanja chepesi, mahali simu iliposoma kama 30,000 saa sita. Ya nne ilikwenda chini ya turubai la bluu, nitalieleza sasa hivi. Kumwagilia kulikuwa kwa kidole: kijana alitia kidole kwenye udongo wa kila trei, akamwagia palipokauka tu, maana kivuli kinachokausha polepole kingeweza kutudanganya kwa unyevu.

Siku ya 24 alipima miche 20 ya kila trei kwa rula. Kichanja chepesi, wastani wa sentimita 11. Kichanja kizito, 14. Mwembeni, 21.

Sentimita tatu kati ya 11 na 14 ni za uchache wa mwanga. Kwa hiyo jibu langu la kwanza halikuwa uongo mtupu. Lakini kutoka 14 hadi 21, tena mahali palipopimwa kuwa na mwanga zaidi, ni kazi ya rangi. Ni trei moja moja, imepimwa na mwanafunzi kwa rula ya shule, na mimi nilisimama pembeni nikiangalia asikadirie. Yeyote mwenye mwembe na konzi ya nyasi anaweza kuirudia.

Jambo moja zaidi lilijitokeza. Hata kwenye kichanja chepesi, miche ya katikati ya trei ilikuwa mirefu kuliko ya kingo. Majani hayaachii nyekundu ya mbali ipite tu, yanairudisha pia pembeni, na mche unaihisi kutoka kwa jirani kabla jirani hajamfunika. Carlos Ballaré na wenzake wa Argentina walilithibitisha hilo mwaka 1990. Mama alikuwa akizibananisha trei ubavu kwa ubavu kuokoa nafasi. Akaziachanisha kwa upana wa kiganja kuanzia siku hiyohiyo, bila mimi kusema neno.

Turubai la bluu, taa ya zambarau

Turubai lilikuwa wazo la jirani mwingine. Aliwahi kusikia kwamba mwanga wa bluu hufanya miche iwe mifupi na minene, na hilo ni kweli: penye bluu ya kutosha shina halivutiki, matundu ya majani hufunguka vizuri, majani huwa mazito. Basi, akasema, funika kwa turubai la bluu.

Nilijua mahali palipo na kosa, ila niliona ni heri trei iseme yenyewe. Miche ilifika sentimita 15, myembamba, majani madogo kuliko ya trei zote, mizizi haba. Turubai halitengenezi bluu. Linazuia rangi nyingine, na hata bluu yenyewe linaipunguza. Kabla ya kufunika, mche ulikuwa na bluu yote ya jua, pamoja na nyekundu yote. Baada ya kufunika una bluu pungufu, na unga mwekundu umekwenda. Chujio la rangi yoyote linaondoa, halijawahi kuongeza. Kosa hili lina historia ndefu: Jenerali Augustus Pleasonton wa Philadelphia aliweka vioo vya bluu kwenye banda lake la zabibu mwaka 1861, akazitangaza nguvu za mwanga huo hata kwa mifugo na wagonjwa, na miaka ya 1870 Wamarekani wengi wakanunua vioo vya bluu vya madirishani. Hawakuongezewa kitu ambacho jua halikuwa limekwisha kuwapa.

Taa ni habari nyingine, kwa kuwa taa inaongeza kweli. Mpwa wa mama aliyeko Dar es Salaam alituma video ya mashamba ya ndani yenye mwanga wa zambarau, akamshauri anunue globu mbili. Rangi ile ni nyekundu na bluu kwa pamoja, unga mtupu bila kingine, na imewezekana kwa bei nafuu tangu ilipopatikana diodi ya bluu, yaani taa ndogo ya LED, iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa chumba kisicho na dirisha, ni chombo kizuri. Kwa Ipuli, tulipiga hesabu mezani. Jua la saa sita linashusha kwenye mita moja ya mraba karibu maikromoli 2,000 za chembe za mwanga kila sekunde. Globu nzuri ya wati 15, mwanga wake wote ukielekezwa kwenye mita hiyo moja, inatoa kama 30 hadi 40. Mtu anunue umeme wa luku ili apate moja ya hamsini ya kile kinachomwagika bure uani kwake, kisha chenyewe anakikimbia kwa kukitafutia kivuli? Mama alicheka, akamwandikia mpwa wake kumshukuru.

Ila nilimwonya juu ya globu nyingine, ile ya zamani ya waya unaowaka, anayowashia vifaranga. Ile inatoa nyekundu ya mbali kwa wingi kuliko nyekundu. Trei isilale karibu na banda la vifaranga.

Miche iliyokataliwa

Swichi ya fitokromu hurudi, shina lililovutika halirudi. Tulipozihamishia kichanjani zile trei tatu za mwanzo, majani mapya yalitoka mazuri, mafupi ya pingili, yakiwa yamekaa juu ya shina refu legevu.

Bahati ni kwamba nyanya huota mizizi kwenye shina lililofukiwa. Hoho haifanyi hivyo kwa urahisi, wala kabichi. Mama alichimba vijifereji nyuma ya nyumba, akailaza miche ubavu, akafukia shina karibu lote na kuacha kichwa tu juu, chenye majani matatu au manne ya mwisho. Hakumwagia busta. Kwa siku tano za kwanza aliifunika kwa nyasi chache, kisha akawa anaondoa konzi moja kila jioni, kama mzee alivyokuwa akifanya kwenye vitalu vya tumbaku. Iliyokufa ni michache, mingi ikiwa ile iliyovunjika wakati wa kulazwa. Mvua ya kwanza ya Novemba iliikuta imesimama.

Kuhusu kichanja, ameshaongeza nguzo nne, na nyasi ameziweka nyepesi kuliko zamani. Kijana anapima kwa simu, sasa kwa kuwa chini ya nyasi simu inasema kweli, na wanazishikilia laksi 30,000 saa sita. Akiuza vya kutosha anataka kununua neti ya kivuli. Nimemwomba achukue nyeusi, ambayo hukata rangi zote karibu sawa kama nyasi, asishawishike na ya kijani kwa kuwa inapendeza kama majani. Turubai la bluu limerudi kufunika magunia ya mahindi. Chini ya mwembe kuna benchi la wateja.